Aliyeniangusha alipoanguka

Ujumbe wa kwanza uliingia alfajiri: "Umesikia? Kasimamishwa kazi." Ukafuata wa pili: "Mungu si Athumani." Wa tatu ukasema malipo ni hapa hapa duniani. Walioniandikia walijua nilichopitia. Mtu huyo ndiye aliyewaambia wakubwa wetu kwamba nimechukua fedha ambazo sikuzigusa, nikavuliwa usimamizi wa stoo kwa neno lake. Miezi saba baadaye hesabu zilinisafisha, lakini nafasi yangu alishapewa yeye.

Nilipiga magoti nikamshukuru Bwana kwa kunitetea, nikaimba kabisa. Katikati ya wimbo nikagundua kwamba simwoni Mungu. Namwona yule ndugu akitoka getini na mkoba wake, wenzake wakimtazama. Nilikuwa nakirudiarudia kipande hicho kama mtu anayelamba asali.

Mithali 24:17 naijua tangu utoto: usifurahi adui yako aangukapo. Mstari wa 18 ndio ulionikamata. Unasema Bwana asije akaliona hilo, likamkasirisha, akaigeuzia hasira yake mbali na huyo adui. Nakiri nilivyouelewa usiku ule: basi nifiche furaha yangu, ili aendelee kuchapwa. Moyo wa mwanadamu unaweza kuligeuza hata Neno likawa rungu. Niliusoma tena na tena mpaka nikaona kwamba anayemkasirisha Mungu katika mstari huo ni mimi.

Nilijitetea kwa Miriamu, dada yake Musa, maana naye alitwaa tari akaimba Wamisri waliowafukuza Israeli walipozama baharini. Lakini Israeli waliimba kwa sababu siku hiyo wameokoka. Mimi nilikuwa nimeshavuka zamani, hesabu zilishanisafisha. Nilichokuwa nakiimbia ni maji kumfunika mtu. Daudi naye alirushiwa mkuki na mfalme Sauli, akawindwa mapangoni, na habari za kifo cha Sauli zilipomfikia alirarua mavazi yake, akalia na kufunga hata jioni.

Niliacha kujibu zile jumbe. Kumwombea kulinishinda kwanza. Neno "mbariki" lilikwama kooni, na sikutaka kumdanganya Mungu. Kilichoweza kutoka ni hiki tu: "Bwana, watoto wake wasilale njaa." Nikakishika hicho hicho kila usiku.

Mtihani wenyewe ulikuja wiki iliyofuata. Alikuwa na mashitaka matatu, na la tatu lilihusu stakabadhi zilizopotea. Zile stakabadhi nilizikabidhi mimi mwenyewe, kabla yeye hajashika stoo, na nilikuwa na nakala yenye sahihi ya aliyezipokea. Hakuna aliyeniuliza. Ile karatasi ilikaa kwenye droo siku mbili, na siku hizo mbili ndizo ninazoziona aibu kuliko ule wimbo. Nilijua uchungu wa kubebeshwa kosa lisilo lako, tena yeye ndiye aliyenifundisha.

Kutoka 23:5 inamzungumzia punda wa mtu anayekuchukia, amelala chini ya mzigo wake. Haikuambii umpende kwanza yule mwenye punda. Inakuambia usimwache, umsaidie kuufungua mzigo. Nikaipeleka karatasi kwenye kamati huku moyo wangu bado mzito.

Shitaka la tatu lilifutwa. Kwa yale mawili aliachishwa kazi, na naamini ilikuwa haki; kutofurahia anguko la mtu hakukunilazimisha kusema hakukosea. Tulipokutana mlangoni alinipa mkono, akasema, "Nimeambiwa." Nikamjibu, "Pole sana, kaka." Msamaha hakuniomba.

Juzi rafiki mmoja amenitumia habari kwamba mpaka leo hajapata kazi. Niliisikia ile ladha tena, kwa mbali. Nikaiweka simu chini, nikaomba ile sala ya watoto.