Kidude cha redio ya babu

Redio ya baba yangu pale Tandika, Dar es Salaam, ilipoteza kile kidude cha kutafutia stesheni, na kwa muda mrefu alikuwa akizungusha kijiti cha chuma kilichobaki kwa koleo. Binti yangu mwenye miaka 11 aliliona koleo hilo siku moja tukiongea kwa video.

"Shikamoo babu. Mbona unaibana redio?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kidude chake kimepotea, na siku hizi hakipatikani dukani."

Mtoto akanyamaza, kisha akasema, "Basi nitakutengenezea."

Nilichukulia kuwa ni maneno ya mtoto. Yeye alikuwa na maana yake, na alikuwa anajua pa kwenda.

Hapa Helsinki kuna maktaba inaitwa Oodi, karibu na stesheni kuu ya treni, imetazamana na Bunge. Ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, kesho yake ikiwa sikukuu ya uhuru wa Ufini. Vitabu vimewekwa juu kabisa. Ghorofa ya kati ni karakana: cherehani, mashine za ovaloki, printa za 3D zinazochapisha vitu vya plastiki, mashine ya kukatia kwa leza, meza za elektroniki. Kutumia mashine ni bure, unalipia malighafi tu. Nilipita nje ya jengo lile miaka 3 nikienda zamu ya kuhudumia wazee, nikiamini ni mahali pa wasomi. Ninajua wengi wetu bado tunaamini hivyo, ndiyo maana naandika haya. Ndugu zangu mlioko huku, ingieni. Hakuna atakayewauliza mmesoma mpaka wapi.

Maktaba ya mtaani kwetu, mashariki ya jiji, nayo ina chumba kidogo cha namna hiyo, na jioni moja kwa wiki watoto hukutana humo. Nilipoanza kuwapeleka wangu nilishangaa kuona wazazi wenyeji hawashangai. Baadaye nilielewa. Ufini iliingiza kazi za mikono katika shule za msingi tangu 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, na mpaka leo mtoto wa kiume hushona na wa kike hupiga randa, katika somo hilohilo moja. Kwao printa ya 3D imekuja kukaa mahali palipokwisha kuandaliwa na msumeno na sindano.

Kijana anayejitolea kuwasimamia ana tabia moja ninayoipenda sana: mtoto akikwama, yeye huweka mikono nyuma. Huuliza, "Ulitaka kifanye nini? Kimefanya nini?" Hagusi. Inaweza kupita robo saa mtoto anahangaika na kibao cha microbit, kikompyuta cha kujifunzia kilicho kidogo kuliko kiganja, chenye taa 25 nyekundu na vitufe viwili, mpaka taa ziwake alivyotaka yeye. Hapo ndipo utasikia kelele za chumba kizima.

Mwanangu wa kiume, ana miaka 8, alianza na Scratch, ile programu ya kupanga vipande vya maagizo kama matofali, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Sikulijua hilo mpaka nilipoona skrini yake. Pembeni yake huketi mtoto wa familia ya Bukavu, Kongo, na wawili hao Kiswahili chao hakifanani, lakini kinakutana. Walibishana sana paka wao wa kwenye skrini aamkie "shikamoo" au "jambo". Mwishowe wakamfanya aseme "shikamoo" ukibofya mara moja, na "jambo" ukibofya mara ya pili. Nilikuwa nimekata tamaa na Kiswahili cha huyu mtoto. Nyumbani nikimsemesha hunijibu kwa Kifini.

Sisi tuliokulia uswahilini tulitengeneza magari ya waya, matairi tukayakata kwenye kandambili zilizochakaa, ringi ya baiskeli tukaisukuma kwa kijiti. Kinachoniuma ni kwamba tumefika huku, tukawapa watoto tableti ili watulie tupumzike baada ya zamu, na ule mkono wa kutengeneza ukaishia kwetu.

Mimi mwenyewe sikupewa nafasi yote. Baba alikuwa fundi redio, meza yake ilikuwa barazani. Kaka zangu walishika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya wakiwa wadogo kabisa. Mimi nikisogea niliitwa ndani nikamenye vitunguu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kile chumba cha maktaba, nina miaka 41, msimamizi aliponiuliza kama naweza kumsaidia mtoto mmoja kuunga waya. Harufu ya risasi ikanirudisha barazani kwetu. Mikono ilitetemeka, waya ukashika.

Usiku ule nilimpigia baba nikamwambia. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ncha uisafishe kwanza kwenye sponji yenye maji, mwanangu. Ikiwa chafu, risasi haishiki." Tuliongea mambo ya risasi karibu saa nzima. Hatukuwahi kuongea hivyo.

Sasa kile kidude. Babu alipima kijiti cha redio, akasema milimita 6. Binti akachora kwenye kompyuta, akachapisha. Plastiki yenyewe mara nyingi hutokana na wanga wa mahindi, na printa huipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja unene wa milimita 0.2 hivi. Tundu la milimita 6 likatoka dogo kuliko alivyochora, akalipanua kidogo. Tukampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Dar.

Kikaingia, lakini kikawa kinazunguka peke yake, kijiti kimetulia. Babu hakuwa amesema kwamba kijiti kile hakikuwa duara kamili: upande mmoja kimekatwa bapa, ukikitazama kwa mbele ni kama herufi D. Kwa mtu aliyekaa na redio maisha yake yote, jambo hilo halihitaji kutajwa. Akachora nyuma ya risiti ya dukani, na mishale yake, akaandika 6 na 4.5, akatuma picha. Binti yangu aliibandika risiti ile ukutani juu ya kitanda.

Cha pili alikichora na tundu la D, akakizungushia mifereji pembeni kwa sababu aliona vidole vya babu havishiki vizuri siku hizi. Hilo hakuambiwa na mtu. Kikasubiri wiki kadhaa mpaka akapatikana msafiri mwingine.

Juzi babu alipiga simu ya video mwenyewe. Akaweka simu juu ya meza, akazungusha, mkwaruzo ukapita, taarifa ya habari ikashika. Koleo halikuwepo mezani. Akamwita mjukuu wake kwa jina, akamwambia cha sauti nacho kimelegea, na mzee wa nyumba ya pili ana redio yake haina vyote viwili. Vipimo ameshavichukua, kijiti cha mwenzake ni duara tupu, asije akaweka D.