Kale kakaratasi ka mkojo

Nimetoka kliniki sasa hivi, hata pamba ya kutolewa damu sijaitupa.

Kwa msiojua nina Alport, ugonjwa wa figo wa kurithi, mi nimeutoa kwa mama. Ramipril nilishaachishwa maana inadhuru figo za mtoto aliye tumboni, nikapewa dawa nyingine ya presha na aspirini ndogo kila usiku ya kukinga kifafa cha mimba.

Leo wiki ya 24. Nesi kachovya kakaratasi, njano ikageuka kijani palepale 😭
Protini imepanda. Daktari kasema kwa Alport hutokea sana, presha 118/74, kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi) haijasogea, nirudi baada ya wiki 2.

Mi naona kijani tu jamani, na mtoto anapiga mateke hana habari.

Mliobeba mimba na figo hizi, mlikuwa mnalalaje?