Intaneti kwa njia ya nyaya za umeme: kumbukumbu ya mradi wangu, Nzuguni

Mei

Nyumba yetu ya Nzuguni, Dodoma, ina majengo mawili. Mbele ni nyumba kubwa. Faiba inaingia sebuleni na rauta imekaa juu ya kabati la televisheni. Nyuma, ng'ambo ya ua, kuna vyumba vya uani: kimoja Mama anashonea nguo, kingine analala mdogo wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Waifai haifiki huko. Kati ya rauta na meza ya mdogo wangu kuna kuta nene za tofali za saruji, madirisha yenye grili na bati la baraza lililoinama hadi karibu na kichwa cha mtu. Ukisimama mlangoni kwake simu inaonyesha kijiti kimoja. Ukikaa mezani, hamna kitu.

Kwa hiyo usiku anahamia sebuleni na vitabu vyake, watu wanaangalia taarifa ya habari, yeye anajaribu kusoma. Ama ananunua bando, na faiba imelipiwa mwezi mzima. Hili la bando ndilo linaloniuma zaidi.

Nimepima njia nyingine kabla ya kuchagua. Kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai, kile cha bei nafuu, hupokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo spidi hushuka karibu nusu, na bado kinahitaji mahali penye mawimbi mazuri ya kuanzia. Kebo ya mtandao ya kupita hewani sitaki: jua la hapa hulimaliza ganda la plastiki, na mvua za Desemba zikianza na radi zake, shaba inayoning'inia kati ya majengo mawili ni kukaribisha balaa kwenye rauta. Kuchimba ua nako kunamaanisha kuvunja sakafu ya zege.

Lakini chini ya zege hiyo tayari kuna kebo. Marehemu Baba alikuwa na mashine ya kusaga uani, na kebo nene ya umeme ilizikwa wakati huo. Mashine iliuzwa zamani; kebo ndiyo inayowasha vyumba vya uani hadi leo. Nataka ibebe na intaneti.

Kwa asiyezijua, adapta za pawalaini huja jozi. Moja unaichomeka kwenye soketi karibu na rauta na kuiunganisha nayo kwa kebo fupi ya mtandao. Ya pili unaichomeka chumba kingine, na hapo unapata intaneti kwa kebo au, kama ina redio yake, kwa waifai. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Adapta huubebesha waya huohuo mawimbi madogo ya masafa ya juu sana, takriban megahezi 2 hadi 30 kwa zile za mfumo wa HomePlug AV wa mwaka 2005, na hadi 86 kwa AV2 iliyofuata mwaka 2012. Hezi 50 na megahezi ziko mbali mno, hazigombani.

Jambo lenyewe si geni hata kwa bibi asiyetumia kompyuta. Zile rimoti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinazochomekwa kwenye soketi ndani wakati mita iko juu ya nguzo: unaingiza tokeni sebuleni, mita inaipokea nje kwa kupitia waya wa umeme. Mita za namna hiyo hutumia masafa ya chini, chini ya kilohezi 500, ndiyo maana haziingiliani na adapta za intaneti. Nilipomweleza Mama hivyo akaelewa papo hapo, kuliko mimi nilivyoelewa baada ya kusoma kurasa na kurasa.

Juni

Mwezi huu sijanunua chochote. Nimechora ramani, na naamini ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika mradi huu. Watu hubishana kuhusu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la adapta, na hawajui soketi yao inatoka wapi.

Kwa sababu ya ile mashine, nyumba yetu ina fezi tatu, yaani umeme unaingia kwa waya tatu za laivu badala ya mmoja. Nyumba nyingi za mtaani zina fezi moja, na wenye fezi moja wana nafuu kubwa hapa. Mawimbi ya adapta husafiri vizuri ndani ya fezi ileile. Kuvuka kwenda fezi nyingine hutegemea yanavyovuja kutoka waya hadi waya zinazolala pamoja, na yanayovuka hubaki dhaifu. Umbali nao si ule wa kupima kwa hatua uani. Watengenezaji huandika mita 300, wakimaanisha mita za waya: waya unapanda darini, unashuka kwenye boksi la breka, unatoka tena.

Nilimwita fundi umeme wetu, kijana mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hili nalisema kwa msisitizo. Kuchomeka adapta anaweza yeyote. Kufungua boksi la breka ni kazi ya fundi, na mita na vilivyo kabla yake ni mali ya shirika la umeme, TANESCO, haviguswi na mtu mwingine. Tulikwenda breka moja moja: anazima, mimi napita na taa ya meza nikiichomeka kila soketi, naandika ipi imekufa. Ikatoka hivi. Sebule iko fezi nyekundu. Vyumba vya kulala, njano. Jiko, korido na uani wote, bluu.

Maana yake rauta na chumba cha mdogo wangu viko fezi mbili tofauti. Nikamuuliza Fundi kama tuhamishe uani kwenda nyekundu. Akakaa kimya kidogo akiangalia boksi, kisha akasema, "Kaka, usiuhamishe umeme uifuate intaneti. Ihamishe intaneti iufuate umeme." Korido iko hatua chache kutoka sebuleni. Kebo ya mtandao inaweza kupita juu ya fremu ya mlango hadi soketi ya korido, na hapo tayari uko bluu. Hakuna breka iliyoguswa.

Alifungua pia soketi za uani. Ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ilikuwa haijaunganishwa kwenye baadhi yake, waya wa kijani na njano umekunjwa tu nyuma. Akaunganisha. Hii ni ya usalama kwanza, ila inahusu pia adapta: zile za AV2 zenye MIMO, yaani kutuma kwa njia zaidi ya moja kwa pamoja, hutumia waya zote tatu, laivu, nyutro na ethi. Zikikosa ethi zinarudi kwenye waya mbili, na fedha ya ziada uliyolipa imepotea. Ndiyo maana siwashauri watu kununua zile za plagi ya Ulaya ya miguu miwili na kuzivisha kichwa cha kubadilisha, kwani vichwa vingi vya bei nafuu haviunganishi ethi. Tafuta za miguu mitatu bapa kama soketi zetu.

Kuna mtu atauliza kuhusu ardhi yetu kavu, maana Dodoma kiangazi udongo hukauka hadi mafundi humwagia maji, chumvi na mkaa pale fimbo ya ethi ilipozikwa ili ishike. Hiyo ni habari ya usalama wenu na inastahili kufanywa. Adapta yenyewe inajali zaidi kama waya wa ethi umeungana kutoka soketi hadi soketi.

Julai

Adapta zimefika kutoka Dar kwa basi, nimezichukua stendi kuu ya Nanenane. Boksi limeandikwa 600. Nawaeleza wanaotaka kununua: 600 ni jumla ya megabiti za kwenda na kurudi kwenye tabaka la chini kabisa, kabla ya gharama za kusahihisha makosa na kupokezana zamu. Na tundu la kebo kwenye adapta hizi ni la megabiti 100. Hata waya wako uwe wa dhahabu, hutavuka hapo.

Nimepima kwa programu ya iperf3, kompyuta mbili, ili nipime waya peke yake bila kuchanganya na spidi ya faiba. Zote mbili sebuleni, soketi zinazopakana: megabiti 94. Hicho ni kikomo cha tundu, kama nilivyosema. Moja sebuleni na moja uani, kwa kuvuka fezi: 6, wakati mwingine 4, wakati mwingine zinapoteana kabisa na taa inazimika. Kisha nikapitisha kebo hadi korido kama alivyoshauri Fundi. Korido hadi uani: 58.

Kutoka 6 hadi 58 kwa kuhama soketi. Adapta ni zilezile, waya wa chini ya zege ni uleule.

Jambo lingine la kuzingatia mapema: ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni zenye kinga ya kupanda kwa umeme, friji gadi na UPS nyingi zina chujio linalokula masafa ya juu, na masafa ya juu ndiyo intaneti yako. Niliiweka ya uani kwenye ekstensheni ya Mama kwa kulinganisha tu: 58 ikawa 11.

Agosti

Upepo wa Dodoma na vumbi lake jekundu. Adapta hupata joto kiasi zikifanya kazi, kwa hiyo nazifuta kwa kitambaa kikavu ili matundu ya hewa yasizibe.

Mwezi huu ni wa kelele. Mdogo wangu alilalamika kwamba mchana masomo ya video yanakatakata, usiku ni safi. Nikaenda kukaa chumbani kwa Mama nikiiangalia adapta. Ina taa tatu, na ya katikati ndiyo ya ubora wa njia: kijani ni nzuri, njano wastani, nyekundu mbaya. Mama alikuwa anapinda kola ya sare ya shule. Alipokanyaga pedali ya cherehani cha umeme, sekunde chache baadaye taa ikaenda njano. Akaendelea na mshono mrefu wa pembeni, ikawa nyekundu. Akaachia mguu, akakata uzi, akageuza kitambaa. Taa ikarudi njano, kisha kijani.

Mota za namna ile zina brashi za kaboni zinazosugua shaba, na kila msuguano hutoa cheche ndogo. Cheche ni kelele ya masafa mapana, inaingia kwenye waya na kuufunika ujumbe wa adapta. Mashine ya kukaushia nywele na drili ni vivyo hivyo. Chaja za simu zisizo na ubora na baadhi ya balbu za LED nazo zimo, kwa sababu ya saketi zao za kuwasha na kuzima haraka.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo nikishona, mtoto hasomi?" Nikamwambia hapana Mama, wote wawili mtafanya kazi.

Dawa ilikuwa ileile ekstensheni yenye chujio. Nimeigeuza: adapta iko ukutani, cherehani ndicho kimechomekwa kwenye ekstensheni, ili kelele yake ichujwe kabla haijaingia kwenye waya wa nyumba. Nikavisha pia kipete cha feraiti kwenye waya wa cherehani, kile kinundu cheusi kinachokuwa kwenye nyaya za kompyuta za zamani. Mama akishona sasa taa hushuka njano na kubaki hapo, na megabiti hukaa kwenye thelathini na kitu. Video ya somo haihitaji hata 5.

Karakana ya kuchomelea mageti iliyo mtaa wa pili siwezi kuiwekea chujio. Jioni wakichomelea, spidi hushuka hata kwetu. Hapa namsifu aliyebuni mfumo huu: masafa yamegawanywa kwenye vijia vyembamba zaidi ya 900, adapta hupima kila kimoja na kukipa mzigo kinaouweza. Kijia chenye kelele kinapewa kidogo au kinaachwa, vingine vinaendelea. Kwa hiyo njia hupungua, haikatiki.

Septemba

Usalama. Adapta hutoka kiwandani na ufunguo mmoja unaofanana, na waya wa umeme hauishii kwenye ukuta wako. Kwa nyumba za wapangaji wanaochangia LUKU moja, jambo hili ni zito: mpangaji mwenzako akichomeka adapta yake ambayo haijabadilishwa, anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye ya kwanza, kisha cha ya pili ndani ya dakika mbili. Zinatengeneza ufunguo wao wa siri, wa mfumo wa AES wa biti 128. Nimefanya hivyo, kisha nikahakiki kwa programu ya adapta kwamba zinaonana mbili tu.

Mjomba alipokuja kutoka Kongwa alilala uani na redio yake ya masafa mafupi. Ilivuma. Masafa mafupi ni megahezi 3 hadi 30, nyumba ileile adapta zinakoishi. Watengenezaji huziba mikanda ya redio za ridhaa, za watu wanaowasiliana kwa redio kama burudani, lakini si ya matangazo yote. Tulisogeza redio hadi dirishani, mbali na ukuta wenye waya, ikatulia vya kutosha kwa taarifa yake ya saa mbili usiku. Mwenye mzee wa redio nyumbani alifikirie hili kabla ya kununua.

Umeme ukikatika, uani hauna intaneti. Rauta ina betri yake ndogo, lakini adapta zinahitaji soketi hai. Ukirudi, zinatafutana zenyewe na kushikana bila mtu kugusa.

Kwa wenye mita mbili, yaani nyumba kubwa na LUKU yake na uani na yake, msitegemee matokeo kama yangu. Mawimbi yatalazimika kupita mita zote mbili. Azima jozi, jaribu, ndipo utoe fedha. Na msichanganye adapta za HomePlug na za mfumo mwingine uitwao G.hn, hazizungumzi pamoja hata zikifanana umbo.

Kilichobaki: eksesi pointi ndogo, kifaa cha kusambaza waifai, chumbani kwa Mama ili simu za wateja wake wanaotuma picha za mishono zishike waifai, na kupima upya mvua zikianza, nione kama unyevu kwenye viungo vya kebo ya chini ya zege unabadilisha ile 58. Mdogo wangu ameshahamisha vitabu vyake kurudi chumbani.