Siku BABA alipokataa kukunjika

Nilipomaliza fomu foo nilienda kusubiria matokeo kwa mama mdogo, Tanga, Ngamiani kule kwenye barabara za namba. Mama mdogo ni fundi cherehani, na kazi yangu ilikuwa kupiga pasi na kutumwa uzi na zipu, ila si unajua mtaani, ukishajulikana umetoka fomu foo na hesabu unazijua kidogo, kila mama anakuletea mwanae umfundishe. Nikajikuta nina darasa kibarazani, watoto wa kuingia la saba, ubao hatuna, tunaandika sakafuni kwa chaki ya fundi.

Siku hiyo tuko kwenye mistari ya ulinganifu, ile inayogawa umbo nusu mbili zinazotazamana kama kwenye kioo. Walishakaririshwa shule, wanaitiririsha kama kaswida: mraba minne, mstatili miwili, pembetatu sawa mitatu, pembetatu pacha mmoja, duara haihesabiki. Nikawachokoza, kwa nini mstatili miwili tu na mraba minne wakati wote wana pembe nne? Kimya. Akanyanyuka dogo mmoja mbishi, kila mtaa anao wa hivyo, akasema majibu ya shule yamekosewa, mstatili nao una minne. Akachora mstatili, akapiga mstari kutoka kona hadi kona. "Si hizi hapa pande mbili, sawasawa kabisa." Wenzake wote wakahamia upande wake. Na ukweli ukiangalia kwa macho unamuelewa, zinatokea pembetatu mbili zinazolingana kila kitu.

Mimi nikaanza kuongea vya fomu tuu, taswira sijui mhimili sijui nini, mara nikasikia cherehani imenyamaza. "We nae, maneno yote hayo ya nini? Wape kitambaa wakunje."

Akatupa kanga kutoka begani. Wawili wakaikunja kwa urefu, pindo juu ya pindo, ikatulia. Wakaikunja kwa upana, ikatulia. Haya sasa kona kwa kona. Ncha moja ikachomoza huku, nyingine kule, wakaivuta weee haikubali, na kukubali haiwezi maana upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. Wangekuwa na leso ya mraba ingekubali vizuri tu. Halafu binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, lakini kanga ina jina, ukikunja maandishi hayakai juu ya maandishi. Hapo nilifurahi kwakweli. Maana ni kweli, ukiangalia umbo lake ile kanga ina mistari miwili, ukiangalia na kilichochapwa haina hata mmoja, jina liko chini tu na linasomeka upande mmoja.

Mbishi hajakubali. Akachukua gazeti, akalikata mstatili, akaukata kona kwa kona, kile kipande kimoja akakizungusha akakiweka juu ya mwenzake, vikafunikana mpaka ncha. "Haya na hii nini?"

"Umezungusha," mama mdogo akamjibu bila hata kuinua uso. "Mimi nimesema kunja."

Nimekuja kusoma hisabati miaka mingi baadae na sijapata mtu wa kulisema vizuri kuliko hivyo. Nusu mbili kulingana ni jambo moja, kufunikana ukikunja pale pale kwenye mstari ni jambo lingine, na watoto wengi wanaanguka mtihani hapo hapo. Nikawakatia msambamba, ule kama mstatili uliosukumwa ukainama upande. Wote wakasema miwili. Wakakunja kila namna, wakabaki wanaangaliana, hakuna hata mmoja! Ila ukiuzungusha nusu duara unarudi mahali pake kama haujaguswa.

Mama mdogo nae ndo akanogewa. Akaleta kitenge cha mteja, chenye maua makubwa, akatuonyesha anavyokata mbele ya blauzi: anakunja kitambaa, uso ndani, anabana pini, anachora nusu ya shingo tu upande wa mkunjo na kwapa moja upande wa nje, anakata mara moja, anafungua. Shingo nzima hiyo! Watoto wakapiga makofi. Akasema ugumu hauko kwenye kukata, uko kwenye kuhakikisha katikati ya ua imekaa juu ya mkunjo, la sivyo ua linaenda kukaa titi moja na mteja anarudi na matusi.

Baada ya hapo ikawa fujo, kila mtu anakunja kitu. Wakahamia kwenye herufi kubwa. A inakunjika kwa wima, B kwa mlalo, H kote kote, S haikunjiki ila ukiizungusha inarudi S. Mmoja akaandika MAMA kwa kushuka chini, herufi moja moja, akaikunja kwa wima, ikafunikana yote. Wakajaribu BABA, wima B inagoma, mlalo A inagoma. KAKA hivyo hivyo, DADA hivyo hivyo. BIBI ukimwandika kwa kawaida anakunjika kwa mlalo bila shida. Ile kelele iliyotokea pale, mpaka muuza kahawa akasimama kuuliza kuna nini.

Mbishi wetu akatafuta pa kutokea akaleta bendera ya taifa, kaichora mwenyewe kwa penseli za rangi. Ule mkanda mweusi wenye kingo za njano umekaa mshazari, hivyo hakuna pa kukunja, na hata ukizungusha kijani inaenda kwenye buluu. Akasema basi ya Kenya, akaichora, nayo ikakunjika kwa wima katikati ya ngao, mikuki juu ya mikuki. Akatamba huyo, utadhani bendera kaibuni yeye.

Jioni mama mdogo anataka kukata patani ya sketi, anatafuta magazeti yake aliyokuwa anayatunza uvunguni mwa kitanda, anakuta misambamba na akina BABA. Alinisema mpaka usiku. Kesho yake akasimama mwenyewe mlangoni: asiye na gazeti la kwao haingii tuisheni.