Albamu ya mabaharia

Wiki hii masikio yangu yako baharini. Nimepata albamu ya nyimbo za kazi za mabaharia wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19, na siiachi. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, na kwenye kiitikio ndipo kamba ilipovutwa. Zile za kupandisha tanga zina mikato mifupi: vuta, pumua, vuta tena. Za kung'oa nanga zinatiririka tu, maana watu walikuwa wakizunguka wakisukuma mtambo wa kuvutia nanga bila kusimama. Ilipokuja mitambo ya mvuke, wimbo ukakosa kazi melini. Fidla wameitia kwa kiasi, afadhali. Lakini kinanda kwenye wimbo wa mwisho, jamani, cha nini? Sauti zile zilitosha kabisa.