Soli yangu iko Lengai

2019 hiyo nilikuwa na kichwa kigumu balaa, Meru nilishapanda mwaka mmoja nyuma, so washkaji wa Arusha waliposema twende Ol Doinyo Lengai nikagugo nikaona mita 2,962, nikasema hiki ni kilima tu. Swali la maana sikuuliza, hizo mita zimesimamaje.

Buti nilichukua mtumba soko la Kilombero hapo Arusha, za ngozi, nzito, muuzaji kaapa kwa mama yake kwamba zimetoka Ulaya. Tukapita Mto wa Mbu, Engaruka, vumbi mpaka kwenye meno, tukafika Engare Sero jioni joto la Ziwa Natron linakupiga kama umefungua oveni. Mzee wa kutupandisha alikuwa Mmasai, shuka, fimbo, na katambuga za tairi zimeisha upande. Akaziangalia buti zangu muda mrefu kidogo.

"Ero, hizi zitarudi?"

Nikamwambia shikamoo mzee, zitarudi.

Tulianza saa sita usiku. Lengai inapandwa usiku kwa sababu mchana jua linachoma na huko juu hakuna mti wa kivuli, hakuna maji, hakuna kibanda, lita zako nne unabeba mwenyewe. Mwanzo ni majani marefu, baadae majivu, unapiga hatua moja unarudi nusu, af yanakuja yale majivu yaliyoganda kama zege, mvua imeyachimba mifereji, na hapo mlima unasimama kabisa yani kama mtu kaegemeza ngazi ukutani na wewe unapanda kwa mikono. Kwa masaa yote hayo sikuona mlima wala nyota, tochi yangu ilikuwa inamulika kisigino cha mzee tu, mpaka leo naweza kukuchorea kashata za lile tairi.

Juu tulifika kunapambazuka, baridi, upepo, harufu ya kiberiti inakaba koo. Lava ya huu mlima ni ya ajabu, inatoka nyeusi kama oili chafu af ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, kwa hiyo ukiwa barabarani unaweza kudhani ni theluji. Mzee akatuambia 2007 ulipolipuka majivu yalifunika malisho, watu wakahama na ng'ombe. Aliongea kwa sauti ndogo, kwao huu ni Mlima wa Mungu, na sisi tuko pale tunapiga selfie.

Sasa kushuka. Kupanda ulikuwa huoni, kushuka unaona kila kitu, na chini ni mbali jamani. Dakika kama ishirini tu buti ya kulia ikafungua mdomo kama mamba. Mzee akachomoa sime, akakata mkanda wa begi langu bila hata kuniuliza (begi la bei kuliko viatu!), akafunga. Haijapita muda ya kushoto nayo ikaachia soli nzima, tukasimama wote tukaiangalia inavyodunda kwenye mfereji, inadunda, inadunda, mpaka ikapotea. Washkaji walicheka wakakaa chini. Mimi nilikuwa nataka kulia, seriously.

Nikavaa soksi tatu kwenye mguu mmoja nikashuka kwa makalio, suruali ikaisha, viganja vikachunika. Mzee alinishika mkono njia nzima, kila nikiganda ananiambia "usiangalie kule, angalia kisigino changu". Saa tano asubuhi ndo tukalifikia gari na hakusema neno lolote kuhusu buti, na lile swali lake la jana yake hakulirudia. Ningekuwa mimi ningesema.

Mto wa Mbu tulisimama kula, nikashuka kwenye gari na soksi zangu, nikanunua katambuga barabarani hata bei sikuombea ipungue. Ile buti ya kulia nilimpelekea fundi Arusha, akaigeuza geuza akaniuliza mwenzake yuko wapi.