Siku moja maishani mwangu: nalinda mlima usio na kilele

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nafungua orodha ya usiku kabla sijavaa soksi. Yellowstone, volkano kubwa ya Marekani, imetetemeka mara 9 tangu nilipolala, na mtetemeko mkubwa kuliko yote ni wa ukubwa wa 2.1. Nje theluji inaanguka hapa Salt Lake City. Mke wangu anauliza swali lake la kila siku, "Umelala?" Anaulizia mlima. Namjibu umelala, naweka chai jikoni.

Mimi ni mzaliwa wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya mji, nilikuwa na miaka 11. Nilivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na mdogo wangu mgongoni. Leo nachambua mitetemeko ya volkano nyingine, kubwa mno, iliyo zaidi ya kilomita 400 kaskazini mwa ofisi yetu. Haina hata umbo la mlima. Ni kaldera, bonde lililobaki ardhi ilipodidimia baada ya mlipuko wa miaka kama 640,000 iliyopita.

Saa mbili asubuhi naketi mbele ya skrini, na hadi saa sita ni kazi ileile: kompyuta inakisia wimbi la P, lile la haraka la mtetemeko, lilipofika kituoni na la S, la polepole, lilipofuata, mimi nasahihisha. Ukikosea nafasi kati ya P na S kwa nusu sekunde, mtetemeko unahama kilomita nne hivi. Upepo unaigiza mtetemeko, na theluji ikilala juu ya antena ya GPS inayopima kimo cha ardhi, ardhi inaonekana kama imeinuka. Leo kituo kimoja kimeinuka hivyo. Mwenzangu ameangalia vituo jirani, vimetulia. Theluji.

Saa saba mchana, kijiko kikiwa mdomoni, naletewa simu. Anayepiga anataka mtu wa Kiswahili, na huyo ni mimi peke yangu.

"Mwanangu, ni wewe wa volkano?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

Amepokea sauti kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kanisani. Inasema Yellowstone italipuka Ijumaa, muda wake umepita, wanyama wameanza kukimbia, serikali inaficha. Ameshafunga mabegi. Watoto wake wanne hawajaenda shule leo.

Namweleza habari ya wanyama. Video ya nyati wakikimbia ilisambaa mwaka 2014, karibu na wakati wa mtetemeko wa 4.8, na nyati hukimbia barabarani mwaka mzima. Anasikiliza, kisha ananichezea sauti ile upya, yote, dakika sita. Halafu anampa simu shemeji yake, naye anauliza yaleyale. Chakula kimepoa. Namweleza shemeji kwamba milipuko mikubwa imekuwa mitatu tu, miaka milioni 2.1, milioni 1.3 na 640,000 iliyopita. Ni vipindi viwili, na vipindi viwili havimpi mtu kalenda. Volkano si mimba, haina mwezi wa tisa. Inahitaji magma ya kutosha, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa sehemu ya juu ya ghala la magma chini ya Yellowstone imeyeyuka kwa asilimia 16 hadi 20. Iliyobaki ni mwamba wa moto, mgumu.

Mama amerudishiwa simu. "Basi niambie haiwezekani."

Hapo ndipo kazi yangu inapouma. Neno "haiwezekani" lingemaliza simu nikale. Lakini silisemi, kwa sababu si kweli. Namwambia makadirio ni nafasi moja kati ya 730,000 kwa mwaka. Kimya. Namwambia amimine mchele kilo kama kumi na tano, aweke punje moja nyeusi, afumbe macho, achote punje moja.

"Lakini hiyo nyeusi imo," anasema.

"Imo, Mama."

"Mimi niliondoka Goma na godoro kichwani. Na mwaka 2021 dada yangu alikuwa amekaa mezani, mbingu ikawa nyekundu."

Sina jibu jepesi kwa hilo. Mwaka 2021 Nyiragongo ilitoa dalili kwa muda usiotimia hata saa moja. Namwambia ile ilikuwa na lava tayari, karibu na juu. Hapa magma nyingi kiasi hicho ikianza kupanda, tunatarajia mitetemeko mikali, ardhi kuinuka na gesi kubadilika, vyote kwa pamoja, kwa wiki, miezi au zaidi. Na kwa miaka kadhaa baada ya 2015 ardhi ya kaldera ilikuwa ikishuka, sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka.

Anavuta pumzi. "Na usiku nani anaangalia?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Namwambia tuna zamu, na wiki hii simu ya zamu inalala chini ya mto wangu. Anaomba namba yangu. Nampa, ingawa sina desturi hiyo.

Nilipokata, madirisha yalikuwa yameanza kuingia giza. Mitetemeko kumi na mmoja ilinisubiri, shingo imekakamaa, macho yanawaka. Nikaimaliza yote. Nyumbani nilikula wali nikiwa nimesimama.

Saa nane usiku simu ya zamu inalia. Mtetemeko wa 3.0 karibu na mji wa West Yellowstone. Kompyuta inasema kina ni kilomita 2. Kina kifupi hivyo kinanitoa kitandani. Nakaa jikoni gizani, nasogeza S kwenye kituo kimoja, cha pili, cha sita. Kina kinashuka hadi kilomita 8, palepale unapotetemeka siku zote. Natuma taarifa.

Kabla sijarudi kulala namwandikia Mama ujumbe aukute asubuhi: Umetikisika saa nane, kilomita nane chini. Nimeuona. Wapeleke watoto shule.